Nyumba Isiyo na Neno

"Halitoki! Nimesema halitoki, hata ukiniletea Baraza zima na meya wake, halitoki!"

"Nani kakwambia litoke, Bwana Mkadam? Nimesema lisogee. Litoke hapo kwenye mlango wako lije hapa kwenye nguzo, katikati yetu sote, alasiri moja tu. Wageni wangu wakila na kuondoka, lirudishe, ulikumbatie, ulale nalo."

"Neno haligawiki."

"Haligawiki! Na msiba wa dada yako ulikaa chini ya neno la nani?"

Hapo mwanamume akafunga mdomo. Watu waliosimama barabarani wakapeana macho, mmoja akaguna "mh" ya kushiba. Nami nikajua kwamba nimefika penye uhai.

Nimetembea nchi kadhaa, na desturi yangu ni moja. Sianzi kwenye majumba ya serikali wala makumbusho. Naanza penye ugomvi. Watu wakigombana hawamfichi mgeni kitu. Kwa muda mfupi tu utakuwa umemjua nani mjane, nani bahili, nani alimlia nani mbuzi. Kwa hiyo nilipoingia Vibaoni na kusikia sauti zimepanda mtaani, nilijipenyeza mpaka mbele, nikamuuliza mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi: kuna nini?

"Neno," akanijibu, kama ambavyo kwetu mtu angesema "maji" au "umeme".

"Neno gani, dada yangu?"

Akanipima juu mpaka chini, akaona kwamba mimi ni mtu wa kuja, akanionyesha kwa kidevu. Juu ya mlango wa Bwana Mkadam palikuwa na kibao cheusi chenye herufi za rangi ya dhahabu: MOULD. Chini yake palikuwa na kigoda, na kigoda kile kilikuwa kimeshaingia kibonyeo cha mtu wa kukaa sana. Mlango wa pili, ulioshikana nao ukuta kwa ukuta, ulikuwa wa yule mama aliyekuwa akigombana naye, Bi. Mwatime. Juu yake palikuwa na misumari mitupu, na mstatili mweupe ukutani mahali ambapo kibao kilikuwapo mpaka juzijuzi.

Habari yenyewe niliipata kwa watu wengi, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na hapa naipanga kama nilivyoielewa.

Vibaoni kila nyumba huwa na neno lake mlangoni. Neno liwe la Kiingereza. Liwe na herufi tano, si nne, si sita. Na ndani yake ziwemo herufi mbili ambazo Baraza la Herufi limezichagua kwa msimu huo. Nyumba yenye neno ni nyumba: itapokea wageni, itatoa bibi harusi, itaweka matanga. Nyumba isiyo na neno huitwa uwazi. Uwazi haupokei mtu. Na mgeni atakayepokelewa kwenye nyumba isiyo na neno, neno la nyumbani kwake nalo litashushwa.

Msimu uliopita herufi zilikuwa A na E. Nyumba ya Bi. Mwatime ilikuwa na BREAD, neno safi, halina doa, na Bwana Mkadam na MOULD yake alikuwa uwazi. Ndipo dada yake akafariki. Nyumba yake haikuweza kuweka msiba, hivyo Bi. Mwatime akafungua mlango, akatandika mikeka yake, akapika, na Bwana Mkadam akalia siku zote za matanga akiwa ameegemea ukuta wa jirani. Msimu umegeuka. Sasa herufi ni O na U. Wapima Maneno walipita na ngazi zao asubuhi ya kwanza ya msimu, BREAD ikang'olewa, MOULD ikapandishwa na kupakwa dhahabu.

"Hayo ya msiba," Bwana Mkadam alisema alipopata tena sauti, "yalikuwa mambo ya herufi zilizopita."

"Na wali uliokula ulikuwa wa herufi zipi?"

Watu wakacheka. Yeye akakaa kwenye kigoda chake, mgongo mlangoni, mikono magotini, kama askari wa benki. Niliambiwa kwamba haondoki hapo. Maneno yenye O na U ni machache, na tangu msimu uanze yameanza kuibwa. Sokoni humtuma mtu. Msikitini haendi.

*

Bi. Mwatime hakuweza kunikaribisha ndani, na nilimwona jinsi lilivyomkera. Kuna watu ambao kutomwambia mgeni "karibu" huwauma kama jino, naye ni mmoja wao. Lakini baraza ya nje, kwa sheria ya Vibaoni, ni sehemu ya barabara. Basi akakaa yeye ndani ya kizingiti, mimi nikakaa nje ya kizingiti, chai ikapita juu ya mpaka, na maandazi yakaifuata.

"Ni binti yangu," aliniambia. "Shekue. Ijumaa wanakuja watu wa mchumba wake kula chakula cha posa. Huku kwetu posa isipoliwa nyumbani kwa binti, haijawa posa. Na mama wa mchumba ni Bi. Zuwena."

"Ndiye nani?"

Binti mwenyewe akajibu kutoka jikoni kabla ya mama yake. "Wa kule juu, mjomba. Nyumba ya PROUD. Hawajakosa neno msimu hata mmoja tangu mimi nizaliwe. Zikibadilika herufi, wao wanabadilishiwa kibao usiku huohuo. Akipita njiani anasoma milango kabla hajasalimia watu."

"Shekue!"

"Si kweli, mama?"

"Ni kweli, lakini ni mkwe wako."

"Bado si mkwe wangu. Ndiyo tabu yenyewe."

Mama akazungusha kikombe chake. Kisha akachungulia barabarani, akainamisha kichwa mpaka kizingitini, akashusha sauti. "Wewe umetembea. Unayajua yale? Yanasema kitu?"

Nilimwambia kweli. Kiingereza changu nimekiokota bandarini na kwenye milango ya hoteli, kwa kubeba mizigo na kubishana bei. Lakini maneno ya herufi tano hayanipigi chenga.

"Lile langu lilikuwa linasema nini?"

"Mkate."

Alinikazia macho aone kama namfanyia mzaha. Halafu akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Miaka yote hii napika chini yake! Mkate! Na mimi nikidhani ni jina la mfalme." Akapumua. "Na la jirani?"

Nikamwambia kwamba ni ule ukungu wa kijani unaoota juu ya mkate uliolala.

Safari hii hakucheka. Alimtazama Bwana Mkadam pale kwenye kigoda, na yeye akageuza uso upande wa pili, akijua tu kwamba anasemwa. "Usimwambie," Bi. Mwatime alisema. "Alilipaka dhahabu mwenyewe."

Nilishangaa kwamba hakuna mtu mtaani aliyewahi kuuliza maana. Baadaye nilielewa. Vibaoni hakuna anayezungumza Kiingereza, wala hakuna anayekitaka. Wanachokitaka ni maneno yake. Mpima Maneno mkuu wa mtaa ule, Bwana Kitwana, mtu mwembamba mwenye rula ya shaba mfukoni, alinieleza kwa upole kama anavyoelezwa mtoto: mababu walipokea sanduku la maneno kutoka ng'ambo, wakalipokea kwa mikono miwili. Maelezo hayakuwemo sandukuni. Kwa hiyo maana ni mali ya wenyewe walioyaleta, na mtu kuchokonoa maana ya neno la mwenzake ni sawa na kuchungulia bafuni.

"Sasa mnajuaje lipi ni zuri?"

"Tunahesabu," alisema Bwana Kitwana, akanionyesha rula.

*

Kesho yake Bi. Mwatime alivaa buibui lake jipya kwenda kuliomba Baraza neno la siku moja, nami nikafuatana naye, kwani sijawahi kukosa kikao ambacho milango yake iko wazi. Njiani nilisoma mji. Shule ilikuwa na SNOUT, yaani pua ya nguruwe, na watoto walikuwa wamepangwa uwanjani wakiliimba herufi moja moja, mwalimu akizidisha fimbo kwenye T. Hospitali ilikuwa na WOUND, jeraha, nikaona afadhali hapo kuna ukweli kidogo. Ukumbi wa taarabu ulikuwa na COUGH, kikohozi. Kila tulipopita mlango wenye kibao tulimkuta mwenye nyumba nje, kwenye kigoda, analinda. Ndani ya nyumba hizo nzuri sikusikia sufuria wala mtoto.

"Hawa wanakula saa ngapi?" nilimuuliza.

"Wanakula kwa zamu," alisema. "Harusi zote za mji siku hizi zinabanwa kwenye nyumba chache. Mnaingizwa, mnasimama, mnasifia kibao, mnapewa sambusa moja, mnatolewa, wanaingizwa wengine. Mimi nikipika mtu akala amesimama, naona nimemtukana."

Baraza la Herufi lilikuwa limejaa. Nyuma kabisa, kwenye viti vya watu wenye maneno ya kudumu, alikaa mwanamke mnene wa heshima na kipepeo cha ukili, akijipepea polepole. Bi. Mwatime alinibana mkono. Ndiye Bi. Zuwena. Bi. Mwatime akavuta ushungi mbele, asitambulikane.

Hoja ya kwanza ililetwa na mjumbe mmoja kijana, mwenye huruma usoni. Alisema kwamba nyumba za mji ni nyingi kuliko maneno yenye O na U, na nusu ya mitaa imeshakuwa uwazi. Akapendekeza kwa unyenyekevu kwamba msimu huu, kwa dharura, yaruhusiwe pia maneno ya herufi sita.

Ungedhani ametukana mama wa mtu. Wajumbe walisimama wote pamoja.

"Leo sita, kesho saba!"

"Keshokutwa watu watatundika sentensi!"

"Mheshimiwa Meya, utaratibu! Huyu kwao kuna neno kweli? Apimwe!"

Meya akagonga meza. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kula. Alisema kwamba yeye haoni sababu ya kugombana, kwani wataalamu wake wamekwisha tafuta ufumbuzi. Tabu, alisema, imetokana na namna tunavyohesabu. Tunahesabu nyumba zenye maneno, kisha tunahesabu na nyumba zisizo na maneno, halafu tunashangaa kwamba maneno hayatoshi. Lakini nyumba isiyo na neno ni nyumba kweli? Kwa hiyo analiomba Baraza lipitishe azimio kwamba, kuanzia leo, mahali pasipo na neno hapapo. Si nyumba, si kiwanja, si kitu. Hapo kila nyumba ya Vibaoni itakuwa na neno lake, na upungufu utakuwa umekwisha kabisa.

Likapita kwa makofi. Hata yule mjumbe kijana alipiga makofi. Kipepeo cha Bi. Zuwena kilisimama kidogo hewani, kisha kikaendelea.

Ndipo Bi. Mwatime akainuka. "Waheshimiwa, naomba neno la kuazima, la Ijumaa alasiri. Nina binti anaposwa. Nitalirudisha limefutwa vumbi."

"Unatoka nyumba gani, mama?" Meya aliuliza kwa huruma.

"Ile iliyokuwa BREAD."

"Iliyokuwa. Na sasa?"

"Sasa ni uwazi, mheshimiwa."

"Ndiyo hivyo, mama yangu." Meya akafungua viganja. "Tumepitisha sasa hivi. Hapapo. Mahali pasipokuwapo pataombaje?"

Akakaa. Sijaona mtu akikaa kama alivyokaa Bi. Mwatime. Kama nguo inayoshuka kwenye kamba. Na mimi, kwa bahati mbaya yangu, katika kutafuta pa kuyapeleka macho nisimwone akilia, nikayapeleka juu ya kiti cha Meya, mahali ambapo neno la Meya mwenyewe lilikuwa limetundikwa na kuzungushiwa taa. LOUSE.

Kicheko kilinitoka. Nilijaribu kukigeuza kikohozi, kikakataa.

"Mgeni wetu amefurahi," alisema Meya. "Tushirikishe."

Mtu mwenye busara angesema anaumwa tumbo. Mimi nilisema, "Mheshimiwa, hilo neno ni chawa."

Sikuhukumiwa kwa kusema uongo. Hakuna aliyejali kama ni uongo. Nilihukumiwa kwa kutaja maana mbele ya watu. Adhabu ya Vibaoni kwa kosa hilo ni kunyimwa salamu. Mtu asinisalimie, asinijibu, asinitazame usoni, mpaka Ijumaa jua lizame. Na Bwana Kitwana akaamriwa siku hiyohiyo ya Ijumaa awepo mtaani kwa Bi. Mwatime, kuhakikisha hakuna mgeni atakayepokelewa.

*

Nimelala njaa, nimelala kituo cha polisi, nimelala juu ya magunia ya vitunguu. Hakuna lililonitesa kama zile siku mbili. Unasema "habari za asubuhi" inaanguka chini kama embe bovu. Unamkuta mtu anasimulia kisa kitamu kabisa cha shemeji yake, unakaribia, anakatisha katikati. Nikabaki nimekaa kwenye baraza ya Bi. Mwatime, kati ya mlango ambao haupo na Bwana Mkadam ambaye hawezi kuondoka. Watatu sisi, ukihesabu vizuri, tulikuwa na hali moja.

Bi. Mwatime hakuniambia neno, alitii sheria. Lakini kikombe cha chai kilitokea kizingitini kila asubuhi, na mtu akikuta kikombe barabarani hana budi kukiokota.

Ijumaa alianza kupika kabla ya adhuhuri. Nilimsikia Shekue akimuuliza ndani, "Mama, unapikia nani? Hawataingia."

"Nitapika. Wakirudi na njaa, watarudi wakijua walichokiacha."

"Na mimi?"

Mama alipasua nazi, na aliipasua kwa nguvu kuliko nazi inavyohitaji.

Ukaja wali wa nazi. Ukaja mchuzi wa samaki wa kupaka, na biriani ya kuku yenye vitunguu vya kukaanga, na maandazi ya iliki. Harufu ilitoka mlangoni ikaenda mtaa mzima bila kuulizwa herufi. Bwana Kitwana alisimama barabarani na rula yake, ameukaza uso. Bwana Mkadam alikuwa kwenye kigoda, na mkononi alikuwa na kipande cha muhogo uliopoa.

Wakatokea. Wanawake waliojipanga, masinia yamefunikwa vitambaa, vigelegele vinatangulia, na mbele kabisa Bi. Zuwena na kipepeo chake. Kweli alikuwa anasoma milango. Alisoma MOULD. Akasogea, akasoma misumari. Vigelegele vikakatika.

"Bi. Mkubwa," Bwana Kitwana alianza, akainama kidogo, "samahani sana. Wewe ni mtu wa PROUD, sipendi kukuona unaharibikiwa. Sheria unaijua. Mgeni akipokelewa kwenye nyumba isiyo na neno, la kwake linashushwa."

"Naijua. Nimeikuta tangu nazaliwa." Akajipepea. "Nyumba yenyewe ni ipi?"

"Hii hapa."

"Hii ni nyumba?"

Bwana Kitwana akafungua mdomo kusema ndiyo. Nikamwona anaukumbuka ukumbi, makofi, Meya. Akaufunga.

"Nimekuuliza, mwanangu. Nilikuwa Barazani juzi, nimekaa nyuma pale. Mlisema mahali pasipo na neno hapapo. Au mmebadilisha?"

"Hatujabadilisha, Bi. Mkubwa."

"Basi hii ni nyumba?"

"Si nyumba."

"Ni nini?"

"Kwa mujibu wa azimio," alisema Bwana Kitwana, jasho likimtoka, "si kitu."

"Na huyu mama aliyesimama hapa na mwiko?"

"Yeye ni mtu. Yupo. Ila alipo... hapapo."

"Na hiyo harufu?"

Bwana Kitwana akavuta pumzi, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mate yalimjaa kinywani na kila mtu aliyaona yakimezwa. "Harufu haina kifungu."

"Vizuri. Sasa mimi nikipita hapa nikakaa chini nikala, utaandika nimepokelewa wapi?"

Aligeuza rula mkononi, akaitazama pande zote mbili. Nikamhurumia. Akiandika kwamba mtu ameingia, basi pana mahali pa kuingia. Na kama pana mahali, pana nyumba isiyo na neno. Na kama ipo moja, zipo zote, na ule upungufu uliokwisha kwa makofi umerudi mjini na masinia.

"Popote," alisema mwishowe. "Nitaandika hukwenda popote."

"Andika na saa." Bi. Zuwena akamgeukia Bi. Mwatime, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya mwanamke aliyetembea juani. "Bibi wee, unanitazama nini? Tangu msimu huu uanze nimekula harusi zote nimesimama, nasifia ubao. Miguu imenivimba. Una mkeka?"

"Ninao, dada. Ninao mingi."

"Tandika."

Akavua viatu, akaviacha barabarani, mahali palipopo, akaingia. Wanawake wakamfuata, na vigelegele vikapokewa ndani kwa namna ambayo dari ilijibu. Shekue alikuwa amejificha nyuma ya pazia la chumbani, na Bi. Zuwena akalisogeza mwenyewe kwa kipepeo. "Ndiye huyu? Toka tukuone. Umeshika mlango kama umetundikwa." Na mimi, mtu nisiyesalimiwa, niliona kwamba kama kuna pahali duniani panaponifaa ni hapo ambapo sheria imekataa kwenda. Nikaingia. Mama mmoja akanisogezea nafasi bila kunitazama, kisha akanitazama, akasema, "Aa, humu si mahali. Shikamoo, kaka, hujambo?" Karibu nimbusu mkono.

Mtaa ulisikia. Likaja kundi la uwazi wa tatu, likaja la uwazi wa nyuma, watu ambao tangu msimu uanze walikuwa hawajaketi na mtu. Watoto wakapita chini ya mikono. Sinia moja likazungukwa na watu wasiojuana, na kabla ya kulimaliza walikuwa wameshagundua undugu wa upande wa mama. Posa ikasemwa na kujibiwa. Mtu mmoja akauliza kama itatambulika kisheria, Bi. Zuwena akamjibu kwa mdomo uliojaa, "Posa iliyoliwa mahali pasipokuwapo, nani ataivunja? Aitafutie wapi?" Bwana Kitwana alizunguka barabarani kidogo. Halafu nikaona rula ya shaba imewekwa kizingitini kwa heshima, kando ya viatu, na mwenyewe yuko pembeni ya mkeka anauliza kama kuna limau.

Ilipofika wakati wa kahawa, Bi. Mwatime alitoka mlangoni akifuta mikono. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona anachokiona.

Bwana Mkadam alikuwa peke yake mtaani. Hapakuwa na mtu wa kuliiba neno, kwa maana mtaa wote ulikuwa humu ndani, lakini yeye alikuwa bado amekaa, mgongo mlangoni. Dhahabu iling'aa juu ya kichwa chake. Muhogo ulikuwa bado haujaisha.

Nilijua alichokuwa nacho ulimini Bi. Mwatime. Alikuwa na ukungu wa kijani, na mkate uliolala, na dada wa watu aliyeliliwa kwenye mikeka hii hii, na "herufi zilizopita". Neno moja tu lingetosha, na nyumba nzima ingecheka mpaka Jumapili. Nilimwona analiviringisha mdomoni. Nilimwona analimeza.

"Jirani," alisema.

Bwana Mkadam hakugeuka. "Sijakuomba kitu."

"Najua. Ile sehemu yako ya ukuta, uliyokuwa unaegemea, hakuna aliyeikalia."

Mwanamume akatazama kibao juu. Akatazama barabara tupu huku na huku. "Nikiliacha," alisema, "litaibwa."

"Likiibwa utakuwa kama sisi," alisema Bi. Mwatime. "Maji ya kunawa yako hapa mlangoni. Njoo ndani ule, wali unapoa."